Lugha Moja Bila Mapatano

Miongoni mwa wahandisi wa mawasiliano ya anga umekita mizizi mtazamo unaosema kwamba viwango vya pamoja vikishafika kwenye biti, fremu na masafa ya redio, kazi ya kukubaliana imekwisha, na kwamba swali la nani anamhudumia nani, kwa ombi la namna gani na kwa dhamana ipi, liachiwe kila mradi ulitatue kivyake. Kwa wenye mtazamo huo, usanifu wa huduma wa pamoja ni makaratasi ya watu wenye muda mwingi wa vikao. Itifaki ndizo zinazorusha data, na usanifu utajitokeza wenyewe kadiri itifaki hizo zinavyozoeleka. Hoja hiyo, ambayo hapa itaitwa hoja ya itifaki-zatosha, ni nyepesi kuelezwa na ndiyo maana imeenea. Lakini haipatani na historia ya safari za anga zenyewe, ambamo mashirika yaliyozungumza lugha moja ya redio yalipoteza data kwa sababu hayakuwa na mapatano juu ya kazi ya kila upande.

Upande wa pili utendewe haki kwanza, kwa kuwa una historia ya kujivunia. Kamati ya Ushauri ya Mifumo ya Data za Anga, ijulikanayo kwa kifupi chake CCSDS, iliundwa mwaka 1982, na leo ina mashirika wanachama 11, yakiwemo ya Marekani, Ulaya, Urusi, China, Japani na Brazili, ambayo hupitisha viwango kwa maafikiano, yaani hadi pasibaki mwanachama anayepinga. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuondoa uholela wa zama ambazo kila chombo kilipanga vipimo vyake kwa mpangilio wake, hivi kwamba mitambo ya kukisikiliza ilibidi itengenezwe upya kwa ajili yake. Kamati ikaleta pakiti ya anga, ambayo ni furushi la data lenye utambulisho na namba ya mfuatano kichwani, na ikaleta fremu, ambayo ni kasha la muundo maalumu linalobeba pakiti hizo juu ya mawimbi ya redio pamoja na misimbo ya kusahihisha makosa yanayotokea njiani. Tangu hapo antena ya shirika moja ikaweza kusoma mawimbi ya chombo cha shirika jingine. Hilo ni jambo kubwa, na ukubwa wake ndio unaowafanya wengi waamini kwamba lililobaki ni dogo.

Kusoma mawimbi na kuhudumiana ni mambo mawili. Katika mpangilio rahisi kabisa, ambao wataalamu huuita ABA, shirika A lina chombo angani na kituo cha udhibiti ardhini, ilhali antena iliyo katikati ni mali ya shirika B. Ili data ifike, A lazima liombe muda wa antena, litume utabiri wa njia ya chombo ili antena ijue pa kuelekea, litaje masafa na kasi ya data, liamue kama linataka fremu zote au za mkondo mmoja tu, lijue ni nani atakayezihifadhi fremu endapo mtandao wa ardhini utakatika na atazihifadhi kwa muda gani, na likubaliane na B ni nani atakayepisha pindi chombo cha mtu wa tatu kitakapopatwa na dharura. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa ndani ya biti. Huduma, kwa maana hii ya kitaalamu, ni ahadi yenye mtoaji, mtumiaji, ombi, jibu, na hali za kushindwa zilizotajwa mapema. Usanifu wa huduma ni ramani inayoonyesha ahadi hizo zinavyoungana, nani anaishia wapi na mwenzake anaanzia wapi. Familia ya viwango iitwayo SLE, ambayo hurefusha kiungo cha anga kutoka kwenye antena hadi kwenye kituo cha udhibiti cha mgeni, ilitumika kati ya Ulaya na Marekani kwa ajili ya Integral, setilaiti ya Ulaya ya kuchunguza miale ya gama iliyorushwa Oktoba 2002, ambayo data zake zilipokewa Redu nchini Ubelgiji na pia kwenye antena za Goldstone huko California. Kati ya kuundwa kwa kamati na Integral ilipita miaka 20. Kama usanifu ungekuwa unajitokeza wenyewe, basi ulijitokeza kwa mwendo wa kobe.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote unatoka kwenye mwezi mmoja wa Zohali. Chombo cha Ulaya kiitwacho Huygens kiliondoka duniani Oktoba 1997 kikiwa kimebebwa na Cassini ya Marekani, kwa makubaliano kwamba kitakaposhuka kwenye mwezi huo, Titani, kitatuma data kwa Cassini, nayo itazipeleka duniani. Mwaka 2000 jaribio lililoongozwa na mhandisi Boris Smeds wa Shirika la Anga la Ulaya, kwa kutumia antena ya Goldstone, lilifichua kasoro ya kushangaza. Kipokezi kilichofungwa ndani ya Cassini kiliweza kufuata badiliko la masafa litokanalo na mwendo wa vyombo viwili, yaani athari ya Dopla, lakini saketi iliyopaswa kupambanua biti moja na nyingine haikuweza kufuata badiliko lilelile katika kasi ya biti. Kipokezi kilikuwa kimetengenezwa Ulaya na kusafirishwa ndani ya chombo cha Marekani, na jaribio kamili la mnyororo mzima, kuanzia kisambazi hadi kipokezi katika mazingira ya mwendo halisi, halikufanywa kabla ya safari kuanza. Haikuwezekana kubadilisha saketi iliyokuwa tayari inaelekea Zohali. Kilichobadilishwa ni njia ya Cassini yenyewe, ikapitishwa mbali zaidi na Titani ili athari ya Dopla ipungue. Mawazo yanaweza kupotea hapa katika kuusifu ufundi wa suluhisho hilo, ambao kweli ulikuwa wa hali ya juu, na kusahau kilichoulazimisha.

Kisha ikaja siku yenyewe, 14 Januari 2005. Huygens ilikuwa na mikondo miwili ya redio, A na B. Mkondo B ulifika salama. Mkondo A haukupokewa, kwa sababu amri ya kuwasha kipokezi chake ilikosekana katika mfululizo wa amri ulioandaliwa upande wa Ulaya na kupakiwa kwenye Cassini iliyoendeshwa na Wamarekani. Shirika la Ulaya lilikiri kosa hilo mara moja. Takriban picha 350, ambazo ni nusu ya picha zote, zilipotea, na vipimo vya upepo vilivyotegemea mkondo huo viliokolewa kwa sababu tu darubini za redio duniani zilikuwa zimeelekezwa Titani zikiusikiliza mlio dhaifu wa Huygens moja kwa moja. Jambo la kutafakari ni kwamba siku hiyo hakuna itifaki iliyoshindwa. Fremu zilikuwa sahihi, misimbo ilikuwa sahihi, kisambazi kilisema kila kilichopaswa kusema. Kilichokosekana ni mahali ambapo pande mbili zingekutana na kuulizana kama huduma iliyoahidiwa, yaani mikondo miwili kupokewa, imeombwa yote na imethibitishwa yote.

Watetezi wa itifaki-zatosha hujibu kwamba huo ni usahaulifu wa binadamu, na kwamba hakuna usanifu unaoponya usahaulifu. Jibu hilo lina ukweli nusu. Katika mfululizo mrefu wa amri, pengo la amri moja halionekani, kwa kuwa mfululizo ni orodha tu ya mambo ya kufanya na haujui lengo lake; katika ombi la huduma lenye sehemu zilizotajwa, sehemu iliyo tupu hujitangaza, na mtoaji ana haki na wajibu wa kulirudisha. Wengine hutaja chombo cha Mars Climate Orbiter, kilichopotea Mirihi tarehe 23 Septemba 1999 baada ya programu moja kutoa msukumo kwa paundi-sekunde na nyingine kuusoma kama nyutoni-sekunde, wakisema kwamba pale palikuwa na hati ya kiolesura iliyotaka vipimo vya metriki, na hati haikuokoa kitu. Ni kweli haikuokoa. Lakini kanuni ile ilikaa kwenye karatasi, nje ya programu zilizopokezana tarakimu, hivyo tarakimu ilipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila kuulizwa kipimo chake. Anayeleta mfano huo anathibitisha kwamba kiwango kisicho na mahali pa kutekelezwa ni maandishi tu, jambo ambalo ndilo linalodaiwa hapa.

Mfano unaopendwa zaidi na upande huo ni ule wa Februari 2004, pale Mars Express ya Ulaya ilipowasiliana na rova ya Marekani Spirit iliyokuwa juu ya uso wa Mirihi, kwa itifaki ya masafa mafupi iitwayo Proximity-1. Husimuliwa kama ushindi wa kiwango: redio mbili za mabara mawili zilielewana kwenye sayari nyingine. Simulizi hilo hukatwa mapema mno. Amri za Spirit ziliandikwa California, zikapelekwa kwenye kituo cha Ulaya cha Darmstadt nchini Ujerumani, na huko zikatafsiriwa kuwa amri za Mars Express kabla ya kurushwa. Data zikarudi kwa njia hiyohiyo kinyumenyume. Neno lenye uzito hapo ni kutafsiriwa. Kati ya Mars Express na Spirit palikuwa na kiwango, lakini kati ya Darmstadt na California palikuwa na watu wanaotafsiri, na kazi ya watu hao haikuweza kupanuliwa kirahisi pale vyombo vilipozidi. Hesabu yake haihitaji ufundi: mashirika 11 yakipatana mawili mawili yanahitaji mapatano 55, na kila mwanachama mpya anakuja na mapatano 11 mengine, ilhali usanifu mmoja unamtaka kila mmoja ajirekebishe mara moja tu.

Ipo pia hoja ya ubingwa wa dharura, isemayo kwamba watu wema wenye ujuzi hupata njia wakati wa shida. Voyager 2 ilipopita Neptuni Agosti 1989, mawimbi yake dhaifu yalikusanywa kwa kuziunganisha antena za Goldstone na antena 27 za darubini ya VLA iliyoko New Mexico, na za Canberra na darubini ya Parkes ya Australia. Novemba 2011, chombo cha Urusi Fobos-Grunt kilipokwama kwenye obiti ya dunia kikiwa bubu, wahandisi wa Ulaya walifunga antena ndogo ya pembe kwenye kituo chao cha Perth, wakafanikiwa kukisikia baada ya wiki mbili hivi. Mifano hiyo inastahili heshima, na anayeitumia kupinga usanifu hajaitazama vizuri. Kukutana na Neptuni kulijulikana miaka kadhaa kabla, na maandalizi ya VLA, ikiwemo kuzifunga antena zake vipokezi vya masafa yaliyohitajika, yalidumu miaka. Kuhusu Fobos-Grunt, hitilafu ilikuwa ndani ya chombo chenyewe na hakuna antena ambayo ingekiokoa kwa hakika. Lakini wiki mbili ni muda mrefu kwa chombo kinachozama, nacho kilirudi na kuungua Januari 2012. Hakuna bandari inayoendeshwa kwa kutegemea kwamba kila jahazi likizama wavuvi watajitolea.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili inatoka kwenye historia ya intaneti, na haifai kupitwa kwa haraka. Katika miaka ya 1980 Shirika la Kimataifa la Viwango lilichora modeli ya tabaka saba za mawasiliano, iliyochapishwa mwaka 1984 ikiwa imekamilika kwa sura na maridadi kwa mantiki, na bado ulimwengu ukachagua itifaki za intaneti zilizokuwa zimekua kwa majaribio. Funzo linalotolewa ni kwamba usanifu unaotangulia utekelezaji hufa, na utekelezaji unaotangulia usanifu huishi. Kwanza, funzo hilo linaisahau tarehe moja: 1 Januari 1983, siku ambayo mtandao wa ARPANET uliacha itifaki yake ya zamani na kuhamia TCP/IP kwa amri iliyowahusu wote. Mtandao unaosifiwa kwa kukua kama magugu ulipaliliwa siku hiyo kwa jembe moja. Pili, intaneti ilikuwa na usanifu, tena mkali: kiuno kimoja chembamba cha itifaki ya IP ambacho kila kilicho chini na kila kilicho juu kililazimika kupita, na kanuni kwamba akili ikae ncha mbili za mawasiliano na njia ibaki rahisi. Usanifu wake ulikuwa mfupi, jambo ambalo wasanifu wa anga wangefaa kuliiga, lakini ufupi si ukosefu.

Tatu, na hili ndilo linaloivunja hoja hiyo, ardhini kosa la usanifu hurekebishwa kwa kuzima mashine na kuweka nyingine. Voyager ziliruka mwaka 1977 na bado zinahudumiwa kwa redio zilizoondoka nazo. Kati ya dunia na Mirihi, ishara huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kwa upande mmoja, na njia hufungwa kila sayari inapojizungusha, hivyo mazungumzo ya nipe-nikupe ambayo TCP huyahitaji kila wakati hayawezekani. Ndiyo sababu ukabuniwa mtandao unaovumilia ucheleweshaji, ambamo kila kituo huhifadhi furushi na kulisubirisha hadi njia ifunguke. Mmoja wa wabunifu wake, Vint Cerf, ndiye aliyeshiriki kuibuni TCP/IP, na setilaiti ya PACE ya Marekani, iliyorushwa Februari 2024, inautumia kwa kazi za kila siku. Katika mtandao wa namna hiyo furushi la mgeni hukaa ndani ya kumbukumbu ya chombo cha mwenyeji kwa saa kadhaa. Nani analipia nafasi hiyo, nani huamua furushi lipi litupwe kumbukumbu ikijaa, na nani huarifiwa likitupwa? Itifaki ina nafasi ya kuandika muda wa furushi kuishi. Haina nafasi ya kuandika nani mwenye ghala.

Hapa inafaa kukiri aibu ya upande unaotetewa na makala haya. Kamati yenyewe ilichapisha modeli rejea ya mifumo ya data za anga mwaka 2008, ikitazama mfumo kutoka pande tano, kisha maelezo ya usanifu wa kuhudumiana mwaka 2013 na masharti yake mwaka 2015, na hati hizo ni nzito kiasi kwamba mhandisi kijana huzifunga kabla ya kufika sura ya tatu. Zaidi ya hayo zilikuja baada ya vikundi vya kazi kuwa vimekwisha kuchimba misingi yao. Matokeo yake yanaonekana ndani ya vitabu vya buluu vyenyewe, jina ambalo kamati huvipa viwango vilivyopitishwa: kuna muundo wa XTCE wa kuelezea telemetria na amri kwa ajili ya vituo vya ardhini, na kuna hati-data za kielektroniki zinazoelezea vifaa vilivyomo ndani ya chombo, na kwa sehemu kubwa kipimo kilekile cha joto la betri kinaweza kuelezwa mara mbili kwa sarufi mbili, moja ikisomwa juu na nyingine chini. Kila kikundi kilifanya kazi yake vizuri. Hakuna kilichokosea ila ukosefu wa mahali pa kukutania, na mzigo wa kupatanisha sarufi hizo umeangukia wanunuzi. Anayesema usanifu utajitokeza wenyewe aelekezwe hapo.

Sauti ya karibuni zaidi ni ya soko. Inadaiwa kwamba kampuni zinazokodisha antena, kama Amazon iliyotangaza huduma yake ya vituo vya ardhini mwaka 2018, zitaweka kiwango cha huduma kwa nguvu ya wateja, na kamati zibaki kuandika historia. Kampuni hizo zimefanya jambo jema la kumwezesha mtu asiye na antena kununua dakika. Lakini kila moja ina lango lake la kuombea, namna yake ya kuratibu na maneno yake ya kuelezea kushindwa, na mteja aliyeandika programu zake kwa lango moja hulipa gharama ya kuandika upya akitaka kuhama, gharama ambayo muuzaji hana haraka ya kuipunguza. Mashirika ya Marekani, Ulaya na Japani yanayopanga mawasiliano ya Mwezini chini ya jina la LunaNet yalianza kwa kuuliza swali la watoaji wengi na watumiaji wengi kabla ya kununua redio, na rasimu waliyoitoa mwaka 2022 inaeleza huduma kabla ya vifaa. China, kwa upande wake, ina setilaiti zake za kupokezana mawasiliano nyuma ya Mwezi tangu Queqiao ya mwaka 2018. Usanifu hauwezi kuponya siasa, na asidanganywe mtu; lakini China na Marekani zinakaa katika kamati moja ya viwango.

Kwa Afrika Mashariki suala hili lina anwani. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, kipo kituo cha anga kinachoendeshwa na Italia kwa makubaliano na Kenya, mahali ambapo tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa baharini setilaiti Uhuru, ya kwanza kujengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei. Antena ya Malindi hupokea data za darubini za Marekani Swift na NuSTAR. Data za Swift huenda Pennsylvania na za NuSTAR huenda Berkeley. Huo ni mpangilio wa ABA katika sura yake kamili, juu ya ardhi ya Wagiriama na Waswahili. Wakati huohuo Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, Uganda ilipata PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, na Rwanda RwaSat-1 mwaka 2019. Wapo wanaoshauri kwamba nchi hizi zipatane zenyewe kwa zenyewe kushirikiana antena na kuachana na usanifu wa dunia. Ushauri huo ni mzuri kwa ujirani na dhaifu kwa jiometria. Setilaiti iliyo kwenye obiti ya chini huonekana na kituo kimoja mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika kumi hivi, na Nairobi, Kampala na Kigali ziko karibu sana hivi kwamba setilaiti inayoonekana na kimoja mara nyingi huonekana na vyote, kisha huvitoka vyote karibu kwa pamoja. Dakika mpya zinapatikana mbali: Brazili, Australia, Norwei, kwa watu wasio na mkataba na Kampala wala sababu ya kuandika mmoja kwa ajili ya setilaiti yenye ukubwa wa tofali. Setilaiti itakayojengwa Kampala kwa fremu zilezile zinazosomwa Malindi itasikika kila itakapopita juu ya antena ya namna hiyo, popote duniani, na bado hakutakuwa na anayejua data zake zipelekwe wapi, wala ombi la dakika hizo kumi liandikwe kwenye fomu ya nani.